Malkia Mwenye Ndevu

Fundi Sponji alikuwa na kifua kipana kama kabati, ndevu za kutosha kujazia mto mdogo, na sauti ambayo mteja akiisikia mara ya kwanza husahau kuomba apunguziwe. Basi huyu ndiye aliyekuwa malkia. Usicheke mapema. Pa kucheka pako mbele, na yeye mwenyewe atacheka nasi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Chumba chake kilikuwa katikati ya karakana moja ndefu ya mafundi, yenye paa la bati na korido ya saruji inayoipasua toka geti hadi chooni. Wachomeleaji walikaa upande wa geti ili cheche zao zisiwafikie watu wa vanishi. Mle kwa Sponji hapakuwa na pa kuweka mguu: sponji zimepangwa hadi juu, vitambaa vimeviringishwa na kuegeshwa ukutani, mkasi mkubwa unaning'inia kwenye msumari wake, na bunduki ya stepla iko mezani karibu na kikombe cha chai. Kila kitu kilikuwa na vumbi jepesi la mbao, ingawa yeye hakuwahi kupasua mbao hata moja. Vumbi lilitoka kwa jirani.

Jirani alikuwa seremala, na tena alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Fremu zote za makochi ya Sponji zilitoka mikononi mwa seremala huyo. Kati ya vyumba vyao ukuta ulikuwa na uwazi wa mlango usio na mlango, walioutoboa wenyewe zamani ili fremu ipite moja kwa moja bila kuzungushwa koridoni. Zikapita fremu, vikapita na vikombe vya chai, na utani usiokwisha.

"Shemeji, hii fremu umeipigilia ukiwa usingizini?"

"Nimeipima kwa mwili wako, shemeji. Lawama mpe aliyekulisha."

Mteja asiyewajua alidhani wanagombana, akaanza kuwaamulia. Wakamcheka wote wawili.

Jambo moja tu halikuwahi kupita pale. Seremala alipofika karakana alikuwa hana mbele wala nyuma, ameshika randa moja na begi lililovunjika zipu. Sponji alikigawa chumba chake nusu kwa nusu, akajenga ukuta, akamwambia upande ule ni wako. Hakulitaja tena, hata kwa utani, hata siku walizokasirikiana. Seremala alilijua, na alijua kwamba Sponji analikumbuka. Wakaliacha hapo, na kuliacha hapo ndiko kulikowafanya wapendane. Hilo liweke akilini.

Sasa umalkia. Huo uliletwa na binti yake mkubwa. Binti alihamia mji mwingine kikazi, na simu zao zikawa zile zile: hujambo, sijambo, umekula, nimekula, halafu kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua. Siku moja binti akamwambia, "Baba, nakuingiza kwenye mchezo wetu."

Mchezo wenyewe haukuwa na picha wala muziki. Lilikuwa kundi la watu kwenye simu, waliotawanyika miji mbalimbali, wanaojenga ufalme kwa kuandika tu. Kila mtu ana mhusika wake. Unaandika mhusika wako anasema nini na anafanya nini, mwenzako anajibu kwa mhusika wake, na hadithi inasonga. Binti ndiye alikuwa mwamuzi.

"Imebaki nafasi ya malkia mjane," binti akasema.

"Ala! Hakuna nyingine? Hata bawabu?"

"Bawabu yupo, Baba."

Akaichukua kwa muda, mpaka apatikane mwenyewe. Ndiyo hiyo, miaka ikapita, mwenyewe hakupatikana, na Sponji akawa malkia wa kutisha. Alifukuza mawaziri, alivunja ndoa, alikataa kupiga magoti mbele ya wafalme watatu. Ilikuwa sifa yake kubwa mle ndani: Malkia hapigi magoti.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: andika yako, usimwandikie mwenzako. Unaweza kuandika "Malkia ananyoosha mkono." Huwezi kuandika "Jemadari anaubusu mkono." Atakayeandika kama Jemadari anaubusu au anautemea mate ni Jemadari mwenyewe. Ya pili ilihusu mabano. Ukitaka kutoka kwenye mhusika na kusema kama wewe, unaweka maneno yako ndani ya mabano. Kwa hiyo katikati ya vita, mishale inanyesha, ngome inawaka, binti alikuwa akiandika: (Baba, dawa ya presha umemeza?) Na Malkia, akiwa juu ya farasi, alijibu: (Nimemeza.) Mabano hayo ndiyo yaliyowarudisha karibu, baba na bintiye. Sponji aliyasubiri kuliko vita.

Mkewe alijua yote na hakumwachia. "Mtukufu Malkia, ufalme unaomba utoe takataka." "Mtukufu, hilo joho la hariri utalifua mwenyewe." Zaidi ya mkewe na bintiye, hakuna aliyejua. Karakanani asingeweza hata kuanza kueleza. Mtu amebeba kochi la watu watatu peke yake mgongoni, utamwambiaje kwamba ni mjane wa kifalme?

Ila mchezo ulimfungua macho kwa jambo jingine. Alianza kusikiliza siasa kwa masikio tofauti. Redioni mheshimiwa fulani akisema "wananchi wamefurahi sana na uamuzi wetu," Sponji alipiga stepla kwa nguvu na kufoka, "Kamwandikia mwenzake huyo!"

"Nani kaandikiwa nini?" shemeji akauliza kutoka upande wa pili.

"Hakuna kitu, shemeji. Endelea."

Jioni akamweleza mkewe. Siasa na mchezo wetu ni mapacha, alisema. Kote kuwili mtu anajengwa kwa maneno matupu. Nikiandika nimejenga daraja, na wenzangu wakajibu kama daraja lipo, basi lipo. Kote kuna kambi, kuna wapambe, kuna watu wanaosahau kutoka. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Tofauti ni moja," mkewe akasema. "Kwenye mchezo wenu hakuna anayepita juu ya hilo daraja akatumbukia."

Mwenyekiti wa zamani wa karakana alipostaafu, mafundi wakaamua kupiga kura. Usidhani ni cheo cha maana. Uenyekiti wenyewe ulikuwa kushika ufunguo wa choo, kusuluhisha ugomvi wa zamu za kufagia, na kumfuata mwenye jengo bati likivuja. Seremala akajitokeza kuutaka. Wote walidhani atapita peke yake, maana ni mtu safi na hapendi makuu.

Hapo ndipo fundi vioo, waliyemwita Kipaza kwa jinsi alivyokuwa hajui kuongea kwa sauti ndogo, alipoingia kwa Sponji na kuketi bila kukaribishwa.

"Mheshimiwa," akaanza.

Sponji aligeuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Wewe, wewe! Una sura ya uongozi. Una sauti. Wachomeleaji wanakutaka, watu wa vanishi wanakutaka. Tunakuomba."

Kilemba cha ukoka hicho, na Sponji alijua. Lakini nani ambaye hajawahi kukivaa hata mara moja, akajitazama kwenye kioo? Akachungulia kwenye uwazi. "Shemeji, wananisukuma nigombee."

"Gombea tu," shemeji akasema, akipuliza maranda kwenye randa yake. "Tutapata cha kucheka."

Na kweli mwanzoni walicheka. Seremala aliahidi kwamba akichaguliwa, mafundi makochi wote watapunguzwa uzito. Sponji akaahidi kuwatafutia maseremala miwani. Lakini wapambe hawakucheka. Kila siku Kipaza alikuja na neno la kwamba upande ule wamesema hivi, na huko upande ule alikuwepo Kipaza mwingine wa kwao anayefanya vile vile. Karakana ikafungua na kundi lake la simu kwa ajili ya uchaguzi, na humo watu waliosalimiana asubuhi walitupiana vijembe mchana. Sponji aliyaona yote na kuyatambua. Kasoro tu mwamuzi.

Ikafika mchana ule. Mafundi wengi walikuwa wametoka kula, Sponji amekaa juu ya kochi lisilovishwa kitambaa, chai pembeni. Kwenye mchezo, mambo yalikuwa moto. Kulikuwa na mhusika aliyeitwa Bwana wa Msitu, aliyechezwa na mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye alikuwa amekataa kutoa mbao za kujengea ngome. Malkia alikuwa na hukumu ya kutoa. Sponji akaiandika kwa raha, akarekebisha hapa na pale, akaisoma tena, akaipenda, akabonyeza:

"Bwana wa Msitu amevimba kichwa. Amesahau ni nani aliyemvisha joho alipokuja kwangu hana hata kamba ya kufungia mzigo. Kesho ghala lake la mbao lifungwe, na kila anayekula mkononi mwake atafute pa kwenda. Nimesema."

Akanywa chai. Simu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka, haikunyamaza. Akatabasamu, mwalimu wa hesabu ameungua leo! Akaitazama.

"Sema baba!!!"

"Huo ndio uongozi, si ule wa kubembeleza."

"Mbao tumechoka nazo, vumbi kila siku!"

"WACHOMELEAJI TUKO NYUMA YAKO MHESHIMIWA."

Wachomeleaji? Kwenye ufalme hakuna wachomeleaji. Akapandisha macho kuangalia jina la kundi. Kidole chake kinene kilikuwa kimechagua kundi la karakana.

Na wakati ule ule, upande wa pili wa ukuta, randa iliyokuwa ikienda ikasimama.

Jamani, hapo ndipo mtu huita. Neno moja tu: shemeji, nimekosea! Sponji alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Kipaza akaingia mbio, jasho linamtiririka.

"Usifute! Nakuomba usifute!"

"Lakini sikukusudia..."

"Kiongozi hajielezi! Unajua umefanya nini? Tangu juzi tulikuwa sare. Sasa hivi korido nzima ni yako!"

Na angejieleza vipi? Samahani ndugu mafundi, mimi ni malkia mjane? Akajiambia atalisema jioni, watu wakiondoka. Jioni ikaja, akajiambia kesho. Kuna kitu kingine pia, nacho lazima kisemwe: makofi yale yalikuwa matamu. Aliyasoma moja moja, akayarudia. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi kwa kuvisha kochi kitambaa. Akatoka kwenda nyumbani bila kutazama kwenye uwazi.

Asubuhi yake aliukuta umezibwa kwa plaiwudi.

Haikupigiliwa ovyo. Ilikatwa sawasawa na uwazi, ikapigwa msasa pembeni, misumari ikapangwa kwa mstari. Hata kwa hasira shemeji alikuwa amepima. Sponji alisimama mbele ya ule ubao, akaugusa kwa kiganja. Siku hiyo hakukuja fremu. Alibaki na sponji na vitambaa na stepla, na hakuna kitu cha kuvivisha.

Nyumbani mkewe alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Umemwambia kaka yangu ulimvisha joho?"

Akamweleza. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akaacha kucheka.

"Na umeshamwambia kuwa umekosea kundi?"

"Bado."

"Tangu jana mchana?"

Sponji akakuna ndevu.

"Kaka yangu amelala na hilo joho lako, baba watoto. Ameliamkia. Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Kipaza anasema kura..."

"Kura! Umetengeneza viti maisha yako yote, leo umekitamani kimoja mpaka umempoteza mtu wa fremu?" Akaingia ndani, na mlango akaufunga taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kuubamiza.

Sponji akakaa kibarazani na simu. Kwenye mchezo walikuwa wakimsubiri, maana Malkia hakuwahi kukaa kimya muda huo. Binti akawa wa kwanza.

(Baba, kuna nini?)

(Nimetuma hukumu ya Bwana wa Msitu kwenye kundi la kazini. Wamenipigia makofi. Nimewaacha wapige.)

(Mjomba amesoma?)

(Amesoma.)

Kisha yakaja maneno ambayo mwamuzi humwambia mchezaji anayeendelea kucheza wakati wenzake wote wameshasimama.

(Baba, toka kwenye mhusika.)

Siku ya kura mafundi walikusanyika koridoni, kila mtu na alichokikuta: viti visivyo na miguu, kabati lililolazwa, ndoo za rangi. Seremala alisimama karibu na mlango wake, kofia mkononi, bila kumtazama mtu. Kipaza akapanda juu ya stuli.

"Ndugu mafundi! Karakana nzima imeshaamua! Kila mmoja hapa ana furaha..."

"Mimi sina," ikasema sauti nzito nyuma yake.

Sponji akapita mbele. Akainua mikono yake miwili mikubwa usawa wa uso, akaikunja viganja vikaelekeana, kama mtu anayeshika tikiti lisiloonekana. Watu wakatazamana.

"Haya ni mabano," akasema. "Nikiwa humu ndani, ni mimi ninayesema. Si mheshimiwa, ni mimi. Ule ujumbe wa ghala la mbao haukuwa wa karakana. Nacheza mchezo wa kuandika kwenye simu na binti yangu. Nilikosea kundi. Bwana wa Msitu ni mwalimu wa hesabu, hata simjui sura. Na mimi humo ndani..." Akameza mate. "Mimi humo ndani ni malkia."

"Malkia wa nini?" akauliza mchomeleaji mmoja.

"Malkia mjane."

"Muongo!"

Basi Sponji akatoa simu, akavaa miwani, na kwa sauti ile ile inayotikisa mabati akasoma alichoandika wiki iliyotangulia: "Nikiburuta joho langu la hariri, nilishuka ngazi polepole, machozi yakinilengalenga, na nikamwambia Jemadari: moyo wangu si kiwanja cha kupigania."

Pa kucheka ndipo hapa. Mchomeleaji alianguka kutoka kwenye ndoo ya rangi. Watu wa vanishi walishikana. Mtu mmoja alikwenda kuegemea ukuta na kuupiga kwa ngumi. Kipaza alishuka kwenye stuli taratibu, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Na Sponji mwenyewe akacheka, ndevu zinatikisika, maana alihisi kama ametuliwa kochi mgongoni.

Mmoja tu hakucheka. Kicheko kikamwona, kikapungua, kikaisha.

"Umemaliza, shemeji?" seremala akauliza.

"Nimemaliza."

"Yale maneno yaliniuma kwa sababu nilidhani ni yako. Nimesikia si yako. Sawa. Nauliza makofi. Makofi yalikuwa ya malkia au yako?"

Sponji aliteremsha mikono. Hakukuwa na mabano ya kutosha kwa hilo.

"Yangu," akasema. "Niliyala yote."

"Mimi nilisimama pale nikisubiri uniite. Ningecheka, wallahi. Ungeniita tu."

"Nilisikia umesimamisha randa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia, shemeji."

Seremala akatikisa kichwa mara moja, akavaa kofia. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono, na mkono wa kwanza kwenda juu kwa ajili ya seremala ulikuwa wa Sponji. Mingine ikafuata, na wa Kipaza haukuchelewa, alikuwa anamwambia jirani yake, "Mimi tangu zamani nilisema huyu ndiye mtu." Seremala akakabidhiwa ufunguo wa choo, akashukuru kwa maneno machache, akarudi kwenye chumba chake. Plaiwudi ikabaki palepale.

Sasa usimwonee Sponji huruma kupita kiasi, maana mambo mengine yote yalimnyookea. Karakana nzima ikawa inamwita Malkia. Wachomeleaji walimwinamia akipita. Mama mmoja aliyekuja kuulizia kochi alisema anataka lile la malkia, na Sponji akamtengenezea lake la zamani likawa jipya. Hakuwa na cha kuficha tena, akawa anaandika vita vyake hadharani, na watu wa vanishi walimwuliza asubuhi kama Jemadari amekubali yaishe. Mkewe akaacha kufunga milango taratibu. Alifanya matengenezo ya makochi chakavu, ambayo fremu zake zilikuwa bado nzima, na yakamtosha.

Ila kila alipoinua macho, ubao ule.

Hakuugonga. Hakumtuma mkewe, wala hakumtuma binti. Angetaka sana kuandika "shemeji anasamehe," ikawa imekwisha. Lakini hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza, na sasa aliijua kwa mwili. Yake ndiyo aliyoweza kuandika. Kwa hiyo kila asubuhi alizunguka koridoni, akaweka kikombe cha chai kwenye kizingiti cha shemeji, akaondoka bila kubisha. Mchana alikikuta kwake mlangoni, kitupu. Kimeoshwa.

Nyumbani mkewe akamwambia, "Kaka yangu alimpigia binti yetu simu. Alikuwa anamwuliza mambo ya simu simu, mimi sikuelewa." Sponji hakutilia maanani.

Mchana mmoja wa joto, bati linalia juu kwa jua, Sponji alikuwa amekaa kwenye kochi kuukuu anasoma mambo ya ufalme. Mwamuzi akatangaza kwamba kuna mgeni, mhusika mpya, wampokee vizuri. Kisha mgeni akaandika, na ilionekana anatafuta herufi moja moja:

"Seremala wa mfalme anaingia. Malkia anainuka kwenye kiti. Malkia anapiga magoti mbele ya watu wote. Analia sana. Anasema mimi ni mjinga."

Wachezaji wakaruka juu kumrekebisha. Jemadari akaandika: (Mgeni, hapa hatumwandikii mwenzetu.) Bwana wa Msitu akaandika: (Na Malkia hapigi magoti. Tangu tuanze hajawahi.)

Sponji alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Ukuta ulikuwa kimya. Akakaza vidole vyake vinene, akaandika polepole, akihakikisha kundi, akihakikisha tena:

"Malkia anainuka kwenye kiti. Anapiga magoti mbele ya watu wote. Analia sana. Anasema: mimi ni mjinga."

Akatuma. Upande wa pili, simu ikalia kengele ndogo. Kisha zikasikika hatua, na kitu cha chuma kikachukuliwa kwenye meza.

Simu ya Sponji ikatetemeka mkononi.

(Shemeji, sogea mbali na ukuta. Nang'oa plaiwudi.)